Mama Mmoja, Mtoto Mmoja

Jumapili, 31 Agosti

Dada Kerstin, nisamehe. Daftari hili ulinipa Pasaka, ukasema niandike hata mstari mmoja kwa siku kisha nikutumie, maana kwenye simu nasema "tuko salama" tu na wewe huniamini. Leo Agosti inaisha. Limekaa kwenye droo ya vijiko miezi minne na zaidi, Jette amelichora jalada kwa kalamu nyekundu, na ukurasa wa kwanza una duara la kikombe. Sina udhuru wa maana. Nilichoka, halafu nikaona aibu kwamba sijaanza, halafu aibu yenyewe nayo ikanichosha.

Kilichonifanya nianze ni cheo. Usicheke. Mimi sasa ni mlezi wa uwanja wa watoto wa mtaa wa Amselstieg. Mji huu wa Hohenwohld una viwanja kumi na kimoja, na kila kimoja hutafutiwa mkazi wa jirani wa kukitazama bila malipo: kusawazisha mchanga, kuokota vioo na vipande vya sigara, kujaza fomu kila mwezi. Cha kwetu kilikaa mwaka mzima bila mtu. Nilipokwenda manispaa kujiandikisha, bibi wa dirishani aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimepewa reki, na jina langu limebandikwa getini: R. Lehnigk, na namba ya simu chini yake.

Unajua tunavyoishi. Vyumba viwili juu ya gereji ya watu, na bustani iliyo chini ya dirisha hairuhusiwi kukanyagwa. Tilo yuko baharini wiki tatu akitengeneza mitambo ya upepo, nyumbani wiki moja, na wiki hiyo analala. Asubuhi mimi na Jette tunakwenda uwanjani. Saa nane namwacha chekechea karibu na stesheni, nami nasimama kwenye kaunta ya mkate mpaka saa kumi na mbili. Uwanja ule ndio ua wetu. Kilicho karibu baada ya hicho kiko ng'ambo ya reli, dakika arobaini na kigari cha mtoto.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimesawazisha mchanga. Hakuja mtu.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua. Hakuja mtu. Jette alijaza ndoo matope akanikaribisha, nikala, nikaomba niongezwe.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo nimeongea na mtu mzima kwa sauti yangu ya kawaida. Bi Overbeck, wa nyumba nyeupe ya kona, mwenye mapacha. Alisimama getini akasoma jina langu, kisha akanitazama.

"Wewe ndiye mlezi mpya? Jamani, vizuri mno. Mji huu unahitaji watu kama nyie."

"Walete watoto basi," nikasema. "Jette anatafuta wenzake."

"Tutakuja, tutakuja. Ila wangu wana trampolini nyumbani, na bembea, na shemeji amewajengea kibanda mtini. Kuwatoa pale ni vita." Akaipiga picha namba yangu. "Nitakupigia, tunywe kahawa. Wiki ijayo, hakika."

Nimependa alivyosema hakika.

Dada, mtaa huu kila nyumba ina trampolini nyuma ya ua wa miti. Ukipita na kigari unaona kichwa cha mtoto kikichomoza juu ya majani, kikizama, kikichomoza tena. Jette hupunga mkono kila mara, na kila mara anachelewa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekuta karatasi kwenye geti, imefungwa ndani ya nailoni isilowe. Mwandiko ulionyooka kama uliopigiwa rula: "Jumapili, saa saba na dakika ishirini mchana, ndani ya saa za utulivu, ndoo ya bati ilipigwa kwa koleo mara kumi na nne. Tafadhali." Chini: Detjens, namba 8.

Namba 8 ni nyumba inayotazamana na uwanja. Huyo mzee namwona dirishani, ameketi wima, ana kalamu. Na ndoo ni yetu kweli, ile ya Mama. Jumapili tulichelewa kuondoka.

Nikamkuta anafagia mbele ya nyumba yake. Nikamwambia, "Bwana Detjens, mtoto ana miaka mitatu."

"Saa inasoma sawa kwa kila umri," akasema. "Saa saba mpaka saa tisa, kimya. Na Jumapili siku nzima, kelele kwa kiasi."

"Ungenigongea tu ukaniambia."

"Nimekuandikia. Maandishi hayagombani na mtu." Akaendelea kufagia.

Nimekasirika mpaka jioni. Mara kumi na nne. Mtu anakaa anahesabu.

Ijumaa, 12 Septemba

Simu haijalia. Labda wiki ijayo yake ni hiyo ijayo.

Jumanne, 16 Septemba

Kuna kitu kimoja. Mchanga niliousawazisha jana asubuhi, leo nimekuta umejaa nyayo, ndogo na kubwa. Tena nimeokota glavu moja ya bluu, nimeitundika juu ya nguzo ya geti ili mwenyewe aione. Kwa hiyo kuna wanaokuja nisipokuwepo. Nilisimama pale na reki, nikaona vibaya kuzifuta. Nimezizungukia zile za kando ya mtelezo.

Jumatano, 17 Septemba

Bembea inalia. Nimepanda juu ya ngazi ya mtelezo nikaona: bolti moja inayoshika mnyororo imelika, nati inacheza. Kwenye fomu niliandika tangu mwezi jana, "bembea inatoa sauti," hawajajibu. Nikafikiri, Baba angengoja? Nimenunua bolti mpya kwenye duka la vifaa la stesheni, nene zaidi ya ile, nikaifunga kwa spana ya Baba. Dakika ishirini. Nimebembea mwenyewe kwanza, tena juu sana, kuhakikisha. Kisha Jette. Haikulia hata kidogo.

Kwenye fomu ya Septemba nimeandika: "Nimebadilisha bolti ya bembea mwenyewe. Inafanya kazi vizuri." Nimeipeleka manispaa kwa mkono. Tangu Jette azaliwe sijajisikia hivi, kwamba nimefanya jambo likaisha.

Jumanne, 23 Septemba

Nitaandika yote, maana nikilala nayo sitalala.

Saa tatu asubuhi alikuja mkaguzi wa viwanja, Bi Tamm. Mwanamke mpana, nywele fupi za mvi, buti za kazi. Ana sanduku la vifaa vyake: nyundo ya kugongea nguzo asikie kama zimeoza ndani, chuma cha kupima kina cha mchanga, na kipande cha mbao chenye ukubwa wa kichwa cha mtoto, cha kupitisha kwenye nafasi za ngazi kuona kama kitakwama. Jette alikichukulia kichwa kile kuwa ni mgonjwa, akakilaza mchangani akakifunika kwa majani. Bi Tamm akamwacha.

Kisha akapanda kwenye bembea.

"Ni wewe uliyefunga bolti hii?"

"Ndiyo," nikasema. Kwa majivuno, dada. Nilisema kwa majivuno.

"Bi Lehnigk, ungeniandikia tu kwamba inalia."

"Niliandika Agosti. Nikaona niwapunguzie kazi."

"Umeniongezea." Akashuka, akakaa kwenye benchi, akavua glavu. "Sikiliza. Bembea hii ina cheti cha usalama. Cheti ni cha kitu kizima, pamoja na kila bolti iliyokuja nayo. Ukitia ya dukani, cheti kinakufa. Na boriti ya bembea ndiyo hiyo hiyo inayoshika mnara wa mtelezo. Kwa hiyo nafunga vyote."

"Hata kama bolti ni nzima?"

"Hata ingekuwa ya dhahabu. Umeshaandika kwa mkono wako kwenye fomu. Ungenyamaza, ningeweza kutoiona."

Nikasema basi nairudisha ile ya zamani. Akacheka bila furaha. "Ile iliyolika?"

Akazungusha utepe mwekundu na mweupe. Mimi nilimshikia ncha moja, kwa sababu upepo ulikuwa unamsumbua. Jette akauliza ni sikukuu gani.

Alipomaliza ndipo akanieleza kwa sauti ya chini. Manispaa inataka kufunga viwanja visivyotumika, na cha kwetu ni cha kwanza kwenye orodha, wapande maua. Mwezi Oktoba atakuja mtu kuhesabu watoto, siku mbili. Tarehe 4 Novemba kamati ya bustani itaamua. Mpaka waamue, hawawezi kununua bembea mpya kwa uwanja ambao huenda ukafutwa. Na bila bembea na mtelezo, nani atakuja ahesabiwe?

"Pole," akasema. "Kazi yenyewe umeifunga vizuri, bolti imekaa sawa. Ndiyo inayoniuma."

Jumatano, 24 Septemba

Mchanga uko vile vile nilivyouacha jana. Nyayo ni zetu tu.

Jumatatu, 29 Septemba

Zetu tu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Sikukuu ya taifa. Mvua. Majani yameanza kuanguka kwa wingi, nimejaza magunia manne. Ile glavu ya bluu bado iko juu ya nguzo, imelowa, vidole vinaelekea chini.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimebisha milango tisa, Jette mgongoni. Nilikuwa na maneno tayari: njooni kuanzia wiki hii, hata nusu saa, hata kwenye mchanga tu, watu wa manispaa waone watoto. Saba walisema ni wazo zuri sana. Mmoja alidhani nauza kitu. Bi Overbeck alifungua akiwa na simu sikioni, akanibusu hewani, akafunika simu kwa kiganja.

"Mpenzi, nilikuwa nikupigie jana. Ni likizo, tunakwenda kisiwani wiki mbili, kila mtu anakwenda. Lakini niko na wewe kabisa. Kabisa."

"Ningefurahi mkija hata kesho."

"Kesho tunafunga mizigo." Mapacha walikuwa nyuma yake wakimtazama Jette. Mmoja alimwonyesha gari lake. Mlango ukafungwa taratibu, kwa adabu.

Hakuna hata mmoja aliyesema karibu ndani. Hapa watu si wabaya, dada, nataka ulielewe hilo. Wanakujibu vizuri, wakiwa wamesimama mlangoni.

Kwa Bwana Detjens sikubisha. Huyo ndiye atakayefurahi pakinyamaza.

Jumanne, 14 Oktoba

Jette ana homa. Hatujatoka.

Jumatano, 15 Oktoba

Homa.

Jumanne, 21 Oktoba

Mhesabuji amekuja. Alikaa kwenye benchi kuanzia saa nne hadi saa tano, ubao na kalamu magotini. Mtaa mzima madirisha yameshushwa mapazia. Jette aliyetoka kuumwa alikaa mchangani na ndoo, nami nikakaa naye. Nilianza kuimba, nikaona nitachekesha, nikaacha. Mwishoni nikamwomba nione alichoandika.

"Watumiaji: mama mmoja, mtoto mmoja."

"Ni likizo," nikamwambia. "Watu wako visiwani."

"Tarehe sikuzipanga mimi, mama. Mimi naandika ninachoona."

Alichoandika ni kweli. Hilo ndilo lililonirudia njia nzima. Mwaka mmoja na nusu tuko hapa, na leo mtu ametuhesabu, tukatoka hivyo.

Alhamisi, 23 Oktoba

Amerudi. Mama mmoja, mtoto mmoja.

Jumamosi, 25 Oktoba

Tilo yuko nyumbani. Nilimweleza yote, akasikiliza amefumba macho.

"Romy, ni uwanja tu."

"Ni bolti tu pia."

Akafumbua macho. "Basi tuhame. Turudi kwenu, karibu na Kerstin."

Ungefurahi, najua. Nami nililifikiria usiku wote jibu la kumpa. Lakini Jette amezoea chekechea yake, na kazi ya Tilo iko huku, na mimi nimechoka kuwa mtu anayeondoka. Nilimwambia hapana. Sikupandisha sauti. Leo asubuhi alichukua reki kabla yangu, nikamkuta amejaza magunia matano, ananitazama kama mtoto anayengoja kusifiwa. Nikamsifu.

Jumatano, 29 Oktoba

Tilo ameondoka alfajiri. Saa nne nilikuwa nikifagia majani mtelezoni, nje ya utepe, nikasikia geti. Bwana Detjens. Tangu tuhamie hapa sijawahi kumwona ndani ya uwanja. Amevaa tai.

Nikasema kabla hajasema, "Hatujapiga ndoo."

"Najua. Tangu tarehe ishirini na tatu Septemba." Akasimama kama mtu aliyesahau alichofuata. "Wiki tano sasa, alasiri sina cha kuandika."

Nikadhani ananikejeli. Nikamjibu, "Basi umeshinda. Wiki ijayo wanaufunga moja kwa moja, watapanda maua. Maua hayapigi kelele."

"Nimesoma tangazo." Akatoa kitabu kutoka kwapani, kikubwa, cha jalada gumu, cha mistari, kama cha ofisini. "Nilikuwa mtu wa ishara za treni miaka thelathini na nane. Kila treni iliyopita niliiandika, saa na dakika. Nilipostaafu mkono haukuacha. Soma."

Nilivua glavu, nikasoma nimesimama. Dada, ni mwaka mmoja na miezi miwili ya watoto. "Jumanne saa tisa na nusu, chekechea ya kanisa, kumi na wawili, mayowe ya kawaida." "Alhamisi saa kumi, wanafunzi watano, mpira, getini kishindo mara sita." "Jumamosi, mapacha wa namba 2 wameruka uzio bila mlezi, mtelezo, saa nzima, mmoja amelia." Mapacha wa Bi Overbeck, wenye trampolini. Wanakuja alasiri wote hao, nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya mkate. Zile nyayo.

Nasi tumo. Kila siku tumo. "Saa nne na dakika kumi, mama wa koti la njano na mtoto mdogo. Mama anaimba. Mtoto anaimba. Wimbo ule ule." "Saa tatu na dakika hamsini, koti la njano peke yake anasawazisha mchanga, mtoto kigarini amelala. Mvua." Na tarehe 17 Septemba: "Koti la njano anabembea. Juu mno. Anacheka."

Nikafunga kitabu, nikakaa kwenye benchi.

"Kwa nini unanipa?" nikamwuliza.

"Sikupi. Nakuazima. Hicho wanachokiita hesabu, muda wa saa mbili katikati ya likizo, si hesabu. Mtu hahesabu treni siku ya mgomo akasema reli haitumiki." Alikuwa amekasirika kweli, masikio yamemwiva. "Nitakwenda kuwasomea mwenyewe. Ila nina masharti."

"Sema."

"Kabla ya saa mbili asubuhi, hapana. Saa saba mpaka tisa, hapana. Na ile ndoo ya bati."

"Ndoo ya bati ni ya marehemu mama yangu."

Akarekebisha tai yake. "Basi majani tu ndani yake. Mawe, hapana."

Tukakubaliana.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini. Ukumbi wa manispaa, saa kumi na moja, Jette mapajani na mkate wa zabibu wa kumnyamazisha. Wajumbe saba. Bi Tamm alikaa nyuma, akaninyooshea kidole gumba chini ya meza.

Walisoma hesabu yao: mama mmoja, mtoto mmoja. Baadhi wakageuka wakanitazama, nami na mtoto wangu mmoja mapajani. Wakauliza kuna mwenye neno. Bwana Detjens akasimama, akavaa miwani, akaanza kusoma kuanzia mwezi Septemba mwaka jana kwa sauti ya mtu anayetangaza treni. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye ndoo iliyopigwa mara kumi na nne, ukumbi ukacheka, naye akangoja wamalize, akaendelea. Dakika ishirini na tano. Mwenyekiti akamkatiza kwa upole.

"Bwana Detjens, nisaidie. Wewe unalalamika, au unautetea uwanja?"

"Nalalamika," akasema. "Nimelalamika kwenu kwa barua mara thelathini na moja, mnazo. Ili nilalamike, lazima pawe na watoto."

Kisha wakaniita mimi. Nilikuwa nimeandika karatasi, sikuisoma. Nikawaambia bolti niliifunga mimi, kosa ni langu, wasiwaadhibu kwa hilo watoto wanaokuja alasiri. Na kwamba asubuhi nitaendelea kuja, waweke maua wasiweke. Jette akaniziba mdomo kwa mkate.

Barua ya uamuzi itakuja.

Jumatano, 5 Novemba

Ukungu. Hakuna barua.

Alhamisi, 6 Novemba

Bi Overbeck amepiga. Habari za ukumbini zilimfikia, na mapacha wake walimwambia kila kitu walipoulizwa. "Nimeona aibu," akasema, na safari hii hakusema hakika wala kabisa. Wale wanakuja Jumamosi, kupitia getini. Kahawa hatukuitaja. Nimeona afadhali hivyo.

Ijumaa, 7 Novemba

Imekuja. Uwanja unabaki mpaka Novemba mwakani, kisha watahesabu upya, na si wakati wa likizo. Bembea mpya mwezi Machi, ya cheti, na mtelezo utafunguliwa siku hiyo hiyo. Sharti lao moja: walezi wawe wawili, mmoja asubuhi, mmoja alasiri. Nilimpelekea Bwana Detjens barua ile mlangoni. Akaisoma wima, akarudi ndani kuchukua kalamu, akaibana barua ukutani akasaini kuwa mlezi wa alasiri. Sikukaribishwa ndani, lakini mlango aliuacha wazi akiwa anatafuta kalamu. Kesho saa mbili kamili tunaondoa majani. Alisisitiza kamili.

Majani yako karibu kuisha, dada, na daftari limefika katikati. Nakutumia hivyo hivyo, nusu, ndani ya sanduku. Sanduku ukilirudisha, tia haya, mengine usihangaike nayo:

Reki ya Baba ile pana ya mbao. Ya manispaa ni ya mtu mmoja, tena inapinda.

Buti za mvua za Jette, namba 26. Za mwanao mkubwa zitatosha, usinunue.

Vile vibati vya kuokea keki vya Mama, vyote sita, vya mchangani.

Ndoo moja ya plastiki. Ya bati itabaki hapa, ya majani.

Na ile chupa ya kijani ya Baba ya kuwekea chai, pamoja na vikombe vyake viwili. Cha pili utakikuta rafu ya juu, nyuma ya mizani, bado kina karatasi ya dukani. Kitoe karatasi, kioshe, kitume.